Mwaka Malaria Ilipokatazwa Nyumbani

Baada ya matanga ya Haboba kupungua watu, Shangazi Halima alivuta kigoda akakaa karibu nami nyuma ya jiko, pale ninapooshea vyombo, akaniuliza kama ahamie hapa Koboko au abaki Kanada. Aliuliza hivyo hivyo, bila kuzunguka. "Mama Zaina, hawa wote watanidanganya. Wewe uko na mdomo mkali. Niambie wewe. Faida ni nini, hasara ni nini?" Mikono yangu ilikuwa imejaa majivu na mafuta ya wali. Nikamwambia angoje nimalize sufuria niliyoshika. Sikuwa namkosea adabu. Nilikuwa natafuta pa kuanzia, kwa sababu swali lile lile aliliuliza katika nyumba hii wakati mwanangu alikuwa ndio kwanza anasimama kwa kushika kuta, na jibu alilopewa ndilo lililomfanya Zaina awe kiziwi. Asubuhi ya siku hiyo ya matanga Shangazi alikuwa amemwita Zaina uani, akaita tena, mtoto hakugeuka, na yeye akacheka akasema mtoto huyu ana kiburi kama mama yake. Watu wa matanga wakaangalia chini. Mume wangu Swadik akavua kofia, akaivaa tena. Mtoto sasa anang'oa meno ya utotoni, na bado hakuna aliyemwambia Shangazi kwamba hasikii.

Haboba ndivyo tulivyomwita bibi yake Swadik, mkubwa wa nyumba, na Shangazi Halima alikuwa binti yake aliyetoka nchini bado msichana, wakati watu wa huku walipokimbia ovyo kuvuka mipaka. Sitaki kuieleza hadithi hiyo. Kila nyumba ya Koboko ina yake. Nitasema tu kwamba Shangazi alizeekea kwenye baridi, akafanya kazi ya uuguzi huko mpaka akastaafu, na magoti yake yakaanza kumuuma kila majani yanapodondoka. Ndipo akapiga simu kwamba anakuja kukaa mwaka mzima, aone kama mwili wake utaiweza nchi ya joto. Akiiweza, anahama moja kwa moja. Haboba alisikiliza simu ile iliyowekwa kwenye sauti kubwa, akaomba iwekwe tena kana kwamba ni redio. Kisha akaagiza chumba changu kipakwe rangi.

Chumba kile kilikuwa changu kwa sababu ndimo nilimojifungulia. Sakafu ya saruji, dirisha lenye wavu usiotoboka, na neti kubwa iliyotundikwa kwenye mbao za dari. Swadik, ambaye ni wakala wa forodha kule mpakani Oraba na huonekana nyumbani kama mwezi mwandamo, alikuja akabeba kitanda upande mmoja, mimi nikabeba upande wa pili, tukakipeleka stoo ya mkaa nyuma ya jiko. Neti ikabaki. "Hiyo ya mgeni," akasema Haboba. Nikasema sawa, nitanunua nyingine sokoni, nitundike stoo. Haboba akanishika mkono, na alikuwa na vidole vyenye nguvu mwanamke yule, akaniambia hakuna neti nyingine itakayotundikwa katika nyumba hii. Akatuma zilizokuwepo zote zishushwe, zikunjwe, ziwekwe chini ya gunia la mtama. Mgeni akipita akaona kila kitanda kimefungwa neti, atajiuliza mbu ni wangapi. Ile yake ilishonewa utepe wa rangi ya waridi, ili ionekane ni pambo, kama kitanda cha bibi harusi. Mimi nilisoma mpaka kidato cha nne. Niliuchora mzunguko wa malaria kwenye mtihani, na mishale yake yote, nikapata alama nzuri. Nikalala stoo na mtoto, juu yetu mabati, ukutani kuna matundu ya hewa ambayo hata mkono wa mtu unapita.

Alifika wakati wa kiangazi, vumbi limefunika kila kitu, watu wote wanalalamika joto, yeye anatoka kwenye gari akifungua vifungo vya sweta huku analia machozi. Kusema kweli nilimpenda. Siwezi kuandika kwamba nilimchukia tangu mwanzo. Alikaa barazani, akanyoosha miguu juani kama paka, akasema, "Mimi nasikia vizuri hapa. Hii mifupa yangu iko inashukuru." Haboba akashuka mkekani na wembe, jicho lake moja limeshapofuka, akaanza kumkata kucha za miguu. Mwanamke mwenye wajukuu, akikatwa kucha na mama yake! Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimebeba chai, nikasimama na sinia mpaka chai ikapoa. Nikitaka leo kumchukia Haboba kabisa kabisa, picha ile hunizuia, na ninakasirika kwamba inanizuia.

Kwa watu wa huku mgeni hapewi habari mbaya mlangoni. Hata kama mtu amekufa, mgeni anapewa maji, anaoga, anakula, anapumzika, ndipo anaitwa pembeni na kuambiwa. Ni desturi nzuri. Hata mama yangu kule Ajia, ambaye ni mkulima na si Mwislamu kama watu wa nyumba hii, angekupiga ukimwangushia mgeni msiba mzigo ukiwa bado kichwani. Sasa Haboba alifanya nini? Aliivuta desturi ile kama mpira. Wiki ya kwanza akatuambia tusitaje maradhi, mgeni hajapumzika. Mwezi ukapita, hajapumzika. Mvua za kwanza zikanyesha, mbu wakaamka, nyumba ya jirani watoto wote wakalala chini, nikaulizia tena zile neti zilizo chini ya mtama, Haboba akasema, "Mugeni bado hajapumzika, wewe mutoto ya Ajia. Iko haraka gani?"

Na Shangazi alikuwa anauliza! Kila siku kwenye sinia alikuwa anapima. Tunakula enyasa, ugali wa muhogo, na samaki wa kukausha, yeye anahesabu kwa sauti huku akimega. Faida: jua la bure, hakuna koti, hakuna kulipia joto la nyumba, mboga imechumwa leo, watu wanakusalimia. Hasara: vumbi, umeme wa kubahatisha, mchana wa Februari kama uko ndani ya tanuri. Halafu anamwangalia mama yake. "Na malaria, Mama? Kule wanatutisha sana. Malaria bado iko?"

"Malaria?" Haboba anasema kama mtu aliyeulizwa habari za fisi. "Ile ilikuwa ya zamani. Ya wakati ya Wazungu."

"Hakuna kabisa?"

"Labda kule Arua, chini. Hapa hewa iko safi."

Swadik, akiwepo, anatafuna. Mimi ninaangalia tonge. Siku moja jirani yetu Mama Khemis alikuja kuomba chumvi, na mkononi alikuwa bado na sindano ya dripu imebandikwa plasta, kwa sababu alikuwa anaenda kliniki asubuhi na jioni kumalizia dawa. Haboba alirusha leso yake ikatua juu ya mkono ule kabla Shangazi hajainua macho. "Pole na uji uliokuunguza, Mama Khemis!" Mama Khemis naye, maskini, akaona hapa kuna jambo, akasema uji wa moto ni kitu kibaya sana. Tulicheka jikoni mpaka tukashikana mabega. Mimi pia nilicheka. Ilikuwa ya kuchekesha. Mtaa mzima ukaingia kwenye mchezo: mtu akitetemeka, amechoka tu; akitapika, ni nyama ya jana; mtoto akichemka, ni meno. Nyumba yetu ikawa nyumba pekee katika West Nile nzima ambayo malaria imekatazwa kwa mdomo.

Haboba aliandaa dua ya shukrani. Shangazi alikuwa amenong'ona kwamba moyo wake umekaribia kukata shauri, na Haboba akataka alikate mbele ya watu, ili asiweze kurudi nyuma. Mbuzi akachinjwa, mchele ukaja, wanawake wa Koboko wakajaa uani tangu asubuhi na visu vyao vya vitunguu. Zaina alikuwa na moto tangu usiku. Alikuwa amekataa ziwa. Alikuwa anaanza maneno wakati ule: "mama" alilisema vizuri, "maji" alisema "mai," na alikuwa na neno lake la kuku ambalo siwezi kuliandika. Asubuhi hiyo hakusema lolote. Nikambeba mgongoni, nikasonga mbele na vitunguu, na kila nilipoinama nilihisi tumbo lake kama sufuria imetoka mekoni. Nikamwambia Haboba. Akasema meno. Nikamwambia si meno, nimempa dawa ya homa, haishuki. Akasema leo si siku yake.

Shangazi akapita jikoni akienda kuoga, kitambaa begani. Akasimama. Aliweka kiganja kwenye paji la uso wa Zaina, na mkono ule, mkono wa mtu aliyeshika mapaji ya wagonjwa maisha yake yote, ulikaa. Ulikaa pale, mimi nikimwangalia, nikiomba moyoni uniokoe. "Huyu anachemka," akasema.

"Meno," Haboba akasema kwa nyuma.

"Si meno, Shangazi," nikasema.

"Yeye ndiyo mutoto yake ya kwanza," Haboba akasema, "anaogopa kila kitu."

Shangazi akaondoa mkono. Akaukausha kwenye kile kitambaa chake. "Watoto wa huku damu yao iko moto," akasema, akaenda zake kuoga.

Saa ya chakula Zaina akakaza mwili. Macho yakapanda juu, mdomo ukatoa povu, mguu mmoja ukawa unapiga mgongo wangu. Nilimfungua nikamwona. Gari la Shangazi, lile alilokodi la mwaka mzima pamoja na dereva, lilikuwa kwenye kivuli cha ukuta, hatua chache kutoka jikoni. Dereva anakula. Nikamwambia twende, mtoto anakufa, akaniangalia akasema mpaka mama mwenyewe aseme, akanielekeza kwa macho barazani. Nikakimbilia barazani. Haboba alikuwa kwenye mlango wa katikati, amekaa hapo kama komeo, na nyuma yake niliona Shangazi katika gauni jeupe, wageni wamemzunguka, sheikh ameshamaliza kusoma. Nikapiga kelele. Nikalitaja lile neno. "Zaina ana malaria! Shangazi, nipe gari, mtoto ana malaria!" Haboba akainua uso, akapiga kigelegele. Sauti ya kizee, nyembamba kama filimbi. Wanawake waliokuwa uani, wasiojua lolote, wakadhani Shangazi amekwisha tangaza kwamba anabaki, wakaipokea. Vigelegele vikapanda, ngoma ya mkono ikaanza, mtu akanikumbatia akiniambia hongera. Hongera! Nimeshika mtoto anayekauka. Nilipiga kelele mpaka koo likachanika, na hata mimi mwenyewe sikuisikia sauti yangu.

Nilitoka kwa mlango wa nyuma. Mwendesha boda asiyenijua alinibeba mpaka kituo cha afya, wakamchoma sindano, wakasema apelekwe Arua sasa hivi, wakatutia kwenye gari lao. Wale walifanya kazi yao na sitawasahau. Daktari wa Arua hakunigombeza. Aliuliza tu mtoto hulala ndani ya neti? Nikamwambia neti iko chini ya mtama. Aliandika, hakuandika, sijui. Zaina alilala bila kufungua macho siku ambazo sikuzihesabu. Wodi ile ilikuwa na mama wawili wawili kwa kitanda, sigiri za nje zikitoa moshi wa maharage, na mazungumzo usiyoweza kuyakwepa: mwanamke wa Ayivu alikuwa akimweleza mwenzake jinsi ya kuzuia ndizi zisiive haraka. Nilishika mazungumzo yale ya ndizi kama kamba. Zaina akafungua macho, akanyonya, wodi nzima ikamshukuru Mungu pamoja nami. Halafu mfagiaji akagonga meza, sinia la bati lililojaa vyombo likaanguka kwenye sakafu. Watoto wote wa wodi ile walishtuka wakalia kwa mkupuo mmoja. Zaina aliendelea kunyonya, ameniangalia machoni, ametulia. Mwanamke wa Ayivu akaacha habari za ndizi. Tukatazamana. Akaja akapiga makofi nyuma ya kichwa cha mwanangu, akapiga tena kwa nguvu, kisha akakaa kitandani pangu akanishika goti. Neno "mama" lilikuwepo bado kwa siku chache, likawa linatoka bila umbo, kisha likaenda.

Nyumbani walimwambia Shangazi kwamba nimeenda Ajia kusalimia wazazi. Swadik ndiye aliyekuja Arua kunieleza hivyo, amekaa mwisho wa kitanda na mfuko wa mkate. "Usilete maneno, Mama Zaina. Tuache bibi apate mtoto wake. Akishahama tutamwambia polepole." Nikamuuliza na mimi mtoto wangu nitampata lini. Akaanza kulia. Nilimwacha alie, nikala mkate.

Niliporudi Koboko, Shangazi alikuwa ameshaondoka. Mwaka haukuwa umekwisha. Alikuwa ametangaza anabaki, watu wakala mbuzi, kisha akabadili mawazo. Nikamuuliza Haboba sababu, maana nilitaka kujua kilichomshinda ni kitu gani. Joto? Hapana, alilipenda. Chakula? Hapana. Magonjwa? Haboba alikunja mkeka wake, akajibu bila kuniangalia: makelele. Malori ya Oraba hayaachi kupita, baa ya jirani inapiga muziki mpaka alfajiri, majogoo, mbwa, watu kuongea kwa sauti. Alisema masikio yake hayawezi tena. Nilisimama uani. Nilicheka, nafikiri ni kucheka kule, na Haboba akaingia ndani akafunga mlango, na toka siku ile hatukula tena sinia moja.

Wanaouliza habari za kuhama hupenda kupima, hiki upande huu, hiki upande ule. Mimi nilihama bila mizani. Nilisikia kuna shule Arua yenye walimu wa watoto wasiosikia, nikafunga godoro kwenye boda, nikaondoka. Nimepanga chumba kimoja, nashona vitenge, Swadik huja akipenda. Zaina anasoma kwa mikono, nami nimejifunza nyuma yake, polepole, vidole vyangu vizito kama vya fundi seremala. Kila Ijumaa Haboba alizungumza na Kanada kwa simu, na kila Ijumaa aliulizwa Zaina hajambo, akajibu hajambo, anakua, mkorofi. Amekufa akisema hivyo. Nimekuja kumzika kwa sababu ya adabu, nimepika, nimeosha, chozi halijatoka.

Nilimaliza ile sufuria. Nikaifunika chini, nikamgeukia Shangazi Halima kwenye kigoda chake, nikamwambia yote niliyoandika hapa, kwa maneno machache kuliko haya na mabaya zaidi. Nilimwambia Zaina hana kiburi. Nilimwambia stoo, gunia la mtama, dereva, sinia lililoanguka. Alikuwa ameshika magoti yake.

"Walisema meno," akasema.

"Na wewe uliamini?"

Malori yalikuwa yanapita.

"Niliwasikia wakipiga vigelegele. Nilifikiri mnafurahi."

"Sikuulizi vigelegele, Shangazi. Nakuuliza mkono wako. Uliuweka hapa." Nikagusa paji langu, nikajipaka masizi.

Uso wake ulikuwa wa Haboba mtupu, jicho moja tu ndilo lilikuwa zima zaidi. "Nilijua," akasema. "Nilijua mkono ulipogusa. Lakini kama ni malaria, basi lazima nirudi kule kwa baridi. Na mimi siku ile nilitaka kukaa."

Nilifikiri nitampiga. Nilikuwa na kijiko kikubwa cha chuma mkononi, na ninaandika hivi ili ijulikane nilifikiri. Badala yake nikamjibu swali lake, kwa sababu aliniuliza na mimi nina mdomo mkali. Nikamwambia jua ni zuri, magoti yatapona, mboga ni za leo, na malaria iko, imekuwepo siku zote, inaanza mvua zikianza, na kila mtu hapa anajua mpaka watoto wadogo. Ahamie, asihamie, mimi sitashika mizani yake. "Ila kama unahama, huhami kuja kwa jua. Unahamia kwa huyu." Nikamwonyesha Zaina, aliyekuwa amechuchumaa karibu na pipa akijenga ukuta wa matope.

Shangazi aliinuka. Alianza kufungua mdomo ili aite, akaufunga. Akazunguka pipa lote kwa miguu yake mibovu mpaka akawa mbele ya mtoto, akajiinamisha, akainua mikono yake miwili. Ikabaki hewani. Hakuwa na neno hata moja ndani yake. Sikumsaidia. Zaina alimtazama mikono, akasubiri kwa heshima, akaona hakuna kinachokuja. Akanigeukia, akaniuliza kwa vidole vyenye matope: huyu ni nani?

Nikakung'uta majivu, nikamjibu: mgeni.

Zaina akanawa mikono haraka haraka kwenye ndoo, akakimbia ndani kumletea kiti.